Tanga Nusu Mbele ya Lukuyo

Mume wangu Sedekia alipenda kusikilizwa kuliko alivyopenda kula. Umpe ugali na mtu wa kumsikiliza, ugali utapoa. Nasema hivi mimi Tekla, mama Silvester, na simsengenyi, maana nimeshamwambia usoni, tena kwa sauti iliyofika mpaka vyumba vya wageni.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashua ya misheni pale Matema. Mashua ya mbao, ya tanga moja jeupe, iliyoachwa na mchungaji mmoja Mjerumani alipozeeka akarudi kwao. Upande wetu wa Ziwa Nyasa milima inashuka moja kwa moja mpaka majini, barabara hakuna. Vijiji vyote vya ufukweni, kuanzia vyetu vya mkoa wa Mbeya mpaka vile vya mkoa wa Iringa huko mbele, maisha yao ni chombo. Mgonjwa analetwa hospitali na mashua, akipona anarudishwa na mashua, na akifa pia ni mashua hiyo hiyo.

Lakini ikifika miezi ya joto, upepo wa mwera umekwisha na ziwa limetulia, wanakuja wageni. Walimu, makarani, wachungaji wa Iringa na Mbeya walioko likizo. Wanalala nyumba ya wageni ya misheni, mimi nawapikia, na asubuhi wanataka kutembezwa ziwani. Watu wa kwetu jambo hilo liliwashinda kabisa. Bibi mmoja alimsimamisha Sedekia sokoni akamuuliza, "Hao unaowabeba wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, mama."

"Wanarudi na nini?"

"Hawarudi na kitu."

"Basi ni wagonjwa," yule bibi akasema, na akamwonea huruma.

Sedekia mwenyewe alikuwa anazihesabu siku hizo kuwa ndizo za kuishi. Anaketi kwenye usukani, upepo kidogo, wageni wamenyoosha miguu, naye anapiga domo. Kila mwamba una habari yake. Hapa ndipo walipotua wamisionari wa kwanza, hapa watu walijificha wasikamatwe utumwa. Aliyoipenda zaidi ni ile ya vita ya Mjerumani na Mwingereza. Alisimulia hivi: nahodha wa Kijerumani ameipandisha meli yake ufukweni anaitengeneza, mara mwenzake Mwingereza, ambaye walizoea kunywa pamoja, anatokea na kumfyatulia mzinga. Mjerumani akaruka kwenye kimtumbwi akaenda kumgombeza kuwa amelewa, kumbe mwenzake kapata habari ya vita, yeye hajapata. Hapo Sedekia alikuwa anacheka mpaka usukani unamponyoka. "Mtu hana habari!" anasema. "Amepigwa, na hana habari!"

Siku hizi haisimulii tena.

Mwaka ule, sabini na mbili, alikuja mkaguzi wa shule kutoka Iringa, Mwalimu Liberatus, na mkewe Leokadia. Sitamsema vibaya yule mwalimu. Alikuwa mtu wa watu, asubuhi ananipokea ndoo ya maji bila kuombwa. Ila alikuwa na njaa ya historia, na Sedekia alikuwa na ghala. Wakakutana wawili hao, mimi nikajua chakula kitapoa wiki nzima.

Sasa lazima niwaeleze habari ya tanga nusu, maana bila hiyo hamtanielewa.

Tangu enzi za yule mchungaji, mashua ikiwa imebeba maiti kutoka hospitali, haitui kijijini ghafla. Ikifika mbele ya kijiji cha marehemu, nahodha anashusha tanga mpaka nusu ya mlingoti, analifunga hapo, na kuielekeza mashua kijijini polepole. Huko juu watu wakiona wanajua. Wanaanza kulia, wanachimba kaburi, wanashuka kupokea. Joto la kwetu halimsubiri maiti, ndiyo sababu. Mashua haiwezi kusema jina, lakini kijiji ni kidogo, kila mtu anajua nani yuko hospitali.

Na wakati ule, kutoka kijiji cha Lukuyo, alikuwepo mmoja tu. Matilda.

Matilda alikuwa mfinyanzi. Wanawake wengi wa ufukwe ule wanafinyanga, lakini ukienda mnada wa vyungu Lyulilo ulikuwa unasikia watu wanauliza, "Vya Matilda vimekuja?" Chungu chake ukikigonga kwa kucha kinaitika. Alikuwa mjane kijana, anaishi na mama yake, Roza, na wote wawili walikuwa wanakula kutoka kwenye mikono yake. Sedekia ndiye aliyemleta hospitali, amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Akapasuliwa, akaanza kupata nafuu. Roza alipoona mwanawe anakunywa uji, akarudi Lukuyo kuangalia mihogo yake.

Haya. Siku hiyo Sedekia aliwachukua Mwalimu Liberatus na mkewe, wakaenda mbali, wakavuka majabali yanayogawa mikoa. Mimi niliwafungia samaki na ndizi za kuchemsha. Waliporudi jioni, wageni walishuka wanacheka, mwalimu ana kamera yake shingoni, lakini mume wangu uso ulikuwa umemshuka. Alikaa jikoni kwangu hasemi. Sedekia hasemi! Nikajua kuna jambo.

"Umegonga mwamba?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi sema, usinikalie hapa kama gunia."

Akasema. Walikuwa katikati ya maji, hadithi imekolea, akawaeleza habari ya tanga nusu. Mwalimu akasisimka. Akasema, hiyo ndiyo historia yenyewe, haimo kitabuni popote, hebu tuone ilivyo, Mzee Sedekia, nipige picha. Na Sedekia, jamani, badala ya kusema jambo hilo halichezewi, akasimama kifua mbele, akalegeza kamba, akashusha tanga mpaka nusu, akaifunga kamba kwenye kigingi. Akageuza mashua polepole ili mlingoti ukae vizuri mbele ya milima. Mwalimu akapiga picha. Mama Leokadia akapiga makofi.

"Mbele ya kijiji gani?" nikamuuliza.

Akaangalia moto. "Tulikuwa mbali na nchi."

"Mbele ya kijiji gani, Sedekia?"

"Lukuyo. Lakini upepo ukainuka hapo hapo, nikapandisha, nikageuza tukarudi. Ilikuwa muda mfupi tu, mama Silvester. Labda hawakuona."

Hawakuona! Watu ambao maisha yao yote wanaangalia maji, hawakuona tanga jeupe! Nilitupa mwiko chini. Nikamwambia asubuhi na mapema arudi Lukuyo akawaambie. Asubuhi mwera ukavuma, mwera wa nje ya msimu, mawimbi yanaruka mpaka kwenye nyasi za misheni. Hakuna chombo kilichotoka. Sedekia alikuwa anatembea ufukweni huku na huko, na kila akirudi nilimwambia apite njia ya mlimani kwa miguu, na kila mara alisema upepo utatulia sasa hivi. Alikuwa anaogopa, basi. Ningemshika mkono nimpeleke mwenyewe ningekuwa mwanamke wa maana zaidi.

Huko Lukuyo waliona. Aliona kwanza Roza, akiwa shambani kwake mlimani. Mashua ilipogeuka na kuondoka, watu walisema ni upepo umewashinda, wataleta maiti kesho. Wakaendelea. Wanaume wakachimba kaburi pembeni ya nyumba. Wanawake wakanyoa nywele. Na Roza akafanya kinachofanywa kwao Lukuyo mfinyanzi anapokufa.

Kila mfinyanzi wa Lukuyo ana mawe yake ya kulainishia udongo, mawe ya ziwani, madogo, yaliyokwisha kuchukua umbo la mkono. Hayanunuliwi. Mama anampa binti, naye aliyapewa na mama yake. Matilda alipewa na Roza, na Roza alipewa na mama yake mwenyewe. Mfinyanzi akifa kabla hajayarithisha, mawe yake hayalali ndani usiku huo. Mtu wa damu yake anaingia majini na kuyatupa mbali, na vyungu vilivyobaki vinavunjwa, ili marehemu asirudi kutafuta kazi. Mwanamke ambaye mawe yake yametupwa, huyo amekwisha kuhesabiwa na wafu. Roza aliingia ziwani mpaka kifuani, analia, akayarusha moja moja. Akarudi, akavunja vyungu vya mwanawe kwa mchi.

Maiti haikuja. Ndipo mpwa wake Roza, kijana mtu mzima anaitwa Didas, akapita njia ya mlimani kwenda hospitali kuulizia. Akamkuta Matilda amekaa nje juani, anasuka nywele za mgonjwa mwenzake. Didas akakaa chini hapo hapo. Kisha akaja nyumbani kwetu.

Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. "Baba Silvester," akasema, "sikuja kugombana. Tunataka kujua tu, ilikuwaje tanga likawa nusu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamwangalia mume wangu, nikimwambia kwa macho: sema.

"Kamba ilikwama," akasema Sedekia. "Nilikuwa nashusha, ikakwama katikati."

Didas akapumua. "Nilijua tu. Nimewaambia wazee, mtu kama Baba Silvester hawezi. Pole sana. Chombo ni chombo."

Akatupa mkono sote wawili, akaenda. Nilimgeukia Sedekia, nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Akanijibu, "Nikisema nilikuwa nachezea mauti ili nipigwe picha, nitatazamwa vipi?" Na mimi nilikaa kimya. Mke gani atazunguka vijijini kumtangaza mumewe? Ndivyo nilivyojiambia.

Matilda alipopata ruhusa, Sedekia ndiye aliyemrudisha. Upepo ulikuwepo, tena mzuri, lakini hakupandisha tanga. Alipiga makasia njia nzima mpaka viganja vikatoka damu. Matilda alimwambia apumzike, yeye hana haraka. Wakatua Lukuyo. Watu walishangilia, wengine walilia, lakini hakuna aliyemkumbatia mpaka walipomzungusha kwanza kaburi lake, lililokwisha kufukiwa na mgomba ndani, maana kaburi likichimbwa halifukiwi tupu. Akaingia ndani, akaona mahali pa vyungu pana vigae. Akaulizia mawe yake.

Roza akapiga magoti mbele ya mwanawe. Matilda akamwambia neno moja tu, na Sedekia alilisikia. "Mama, hukuweza kusubiri hata mashua itue?"

Na Roza, kabla hatujaondoka kwenye habari hiyo, alimfuata Sedekia ufukweni akampa kuku. Wa shukrani, kwa kumleta mwanawe mzima. Akamwambia asijilaumu kwa ajili ya kamba. Sedekia alimleta kuku yule nyumbani, na hakuna aliyemchinja. Alizeeka pale uani akafa kwa uzee.

Matilda hakufinyanga tena. Si kwamba alikatazwa kwa fimbo. Alichukua udongo akajaribu, akatengeneza vyungu vizuri vile vile. Lakini vyungu vya Lukuyo vinachomwa pamoja, kwenye moto mmoja, na hakuna mwanamke aliyekubali vyungu vya mtu ambaye mawe yake yalitupwa vikae karibu na vyake. Havikuchomwa. Mvua ikanyesha, vikarudi kuwa udongo. Akaondoka kwa mama yake, akaja Matema kutafuta kibarua. Mchungaji akamleta kwangu jikoni. Mimi! Kila siku tunafua mashuka ya wageni pamoja, ananiita dada, na mimi namwitikia na roho inanisuta mpaka sabuni inaniponyoka.

Roza alikuwa anakuja siku za mnada, anamletea usipa, vidagaa vya ziwa letu, waliokaushwa, na mihogo. Mwaka ule wa njaa, tulipokuwa tunakula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, alimletea hata unga ambao mwenyewe alikuwa hana. Matilda anapokea, anasema ndaga, asante ya kwetu, anaendelea kufua. Roza atakaa kidogo kwenye jiwe, ataangalia mgongo wa mwanawe, kisha ataondoka. Nilishawahi kumwambia Matilda, "Mama yako alifanya kwa uchungu." Akanijibu, "Dada, kamba haina akili, siwezi kuikasirikia. Lakini mama alikuwa na akili."

Na Sedekia? Sedekia akaanza kuzamia. Kila akipata safari ya karibu na Lukuyo, anaacha mashua, anavua shati, anazama kutafuta mawe. Mtu mzima mwenye mvi! Anarudi na mawe mfukoni, anayapanga chini ya kitanda, usiku nikijinyoosha nayapiga teke. "Hili ni lenyewe?" ananiuliza. Nitajuaje mimi? Ziwa limejaa mawe. Nikamwambia, "Baba Silvester, unachotafuta hakiko majini, kiko mdomoni mwako. Nenda kaseme." Anaitikia, "Nitasema." Kesho anazama tena. Wageni nao aliendelea kuwapeleka, lakini akawa bubu kwenye usukani, na mmoja akamlalamikia mchungaji kuwa nahodha amenuna.

Masika ya mwaka juzi Roza aliletwa hospitali na kifua. Hakukaa sana. Matilda alikuwa anamuuguza, anamlisha, anamgeuza, yote kama mtoto anavyopaswa. Lakini sikuwaona wakizungumza. Roza akafa asubuhi moja tukiwa tunaanika mashuka.

Tukamfunga kwenye mkeka, tukamweka kwenye mashua. Matilda akaketi kichwani, mimi miguuni, Sedekia kwenye usukani. Tukavuka yale majabali, Lukuyo ikatokea, nyumba chache na migomba.

Ulikuwa wakati wa kushusha. Sedekia aliweka mkono kwenye kamba na mkono haukusogea.

"Baba Silvester," Matilda akasema, "shusha."

Akalegeza. Kamba ikateleza, tanga likashuka laini, bila kukwaruza, mpaka nusu. Na likafika hapo likataka kuendelea kushuka, maana hakuna kitu kinacholizuia. Ikabidi Sedekia aikamate kamba kwa mikono yote miwili, aizungushe kwenye kigingi, mara moja, mara ya pili, akaze. Matilda alikuwa anaangalia mikono ile. Mimi nilimwona anaangalia, na nikajua siri imefika mwisho.

Aliangalia kigingi. Akaangalia tanga. Akamwangalia Sedekia.

"Lazima lifungwe," akasema taratibu. "Halikai lenyewe."

Sedekia akafungua mdomo. Matilda hakumngoja.

"Ndiyo maana unazamia," Matilda akasema. "Watu wananiambia Baba Silvester anazama pale kwetu, nikadhani ni huruma tu. Ulilifunga mwenyewe."

"Nililifunga mwenyewe," Sedekia akasema. "Nilikuwa nawaonyesha wageni. Kwa ajili ya picha. Nisamehe, mama, nisamehe."

Matilda hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Miaka yote hii," akasema, "nimemnunia mama yangu."

Mashua ilikuwa inaelea polepole kuelekea kijijini. Ndipo tukaona kuwa hakuna anayeshuka. Watu walikuwepo, tuliwaona wamesimama kwenye milango, wanakinga macho jua. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbilia jembe. Lukuyo walikuwa wameshajifunza kutoliamini tanga letu. Walikuwa wanasubiri mashua itue, kama Matilda alivyotaka mama yake asubiri. Na jua lilikuwa linampiga Roza juu ya mkeka.

"Waambie," Matilda akasema.

"Tutue kwanza," akasema Sedekia. "Nitawaeleza vizuri nikiwa..."

"Waambie kutoka hapa. Wote wasikie. Na yeye asikie."

Sedekia akasimama. Nikamshika suruali asianguke. Akaweka mikono mdomoni. "Watu wa Lukuyo!" akaita. "Ni kweli leo! Ni Roza!" Sauti ikagonga mlima ikarudi. Akataka kukaa. Matilda akamkazia macho. "Na ile ya kwanza haikuwa kamba!" akaita tena, analia sasa waziwazi. "Ilikuwa ni mimi! Nilikuwa nacheza! Roza hakuwa na kosa! Nilikuwa nacheza!"

Kule juu mwanamke mmoja akapiga ukunga, kisha wote. Wakaanza kushuka.

Matilda aliinama, akafunua mkeka kidogo pale usoni, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mzee asiyesikia vizuri, "Umesikia, mama? Si wewe."

Didas aliingia majini akaishika mashua. Wakampokea Roza, wakampa Matilda mkono akashuka, wakanipa na mimi. Kisha wote wakapanda kijijini na mwili wao. Sedekia alibaki ndani ya mashua ameshika kamba, na hakuna aliyemwambia ashuke.